Ka 6: Ndege Inayosema na Kiganja

Rudolf Kaiser aliibuni Ka 6 katika kiwanda cha Alexander Schleicher huko Poppenhausen, Ujerumani, chini ya mlima Wasserkuppe, nayo ikaruka kwa mara ya kwanza mwaka 1955. Ni glaida, yaani ndege isiyo na injini, ya kiti kimoja, yenye mabawa ya mbao yaliyovikwa plaiwudi na kitambaa. Heinz Huth aliitumia kutwaa ubingwa wa dunia wa daraja la Standard mwaka 1960 nchini kwake, na tena mwaka 1963 kule Junín, Argentina. Vikombe hivyo inavistahili. Mimi lakini naisifu kwa jinsi inavyoujibu mkono.

Chanzo ni wepesi. Ka 6CR iliyobeba mzigo wake wote ina kilo 300, na bawa lina mita za mraba 12.4, kila mita hubeba kama kilo 24 tu. Glaida za mashindano za leo, zikijazwa maji mabawani, huweza kufika mara mbili ya hapo. Kwa hiyo hewa ya moto inayopanda kutoka shambani ikiligusa bawa la kulia kwanza, bawa huinuka, fimbo ya usukani husogea kidogo kiganjani, na kiti humsukuma rubani kutoka chini. Mshale wa kipimo cha kupanda na kushuka, hasa katika vipimo vya zamani, huchelewa sekunde kadhaa. Aliyeungoja mshale ameshaipita hewa nzuri. Aliyeishika fimbo kwa ncha za vidole ameshaanza kugeuka.

Na kugeuka ndiko kwenye kazi hasa. Ukilaza fimbo kushoto, kibao kilicho nyuma ya bawa la kulia hushuka ili kulinyanyua bawa hilo. Mnyanyuo huo haupatikani bure: bawa lile lile hukokotwa na hewa zaidi, na pua ya ndege huvutwa kulia, kinyume cha unakotaka kwenda. Urefu wa mabawa, mita 15, na mwendo wa polepole huzidisha tatizo. Dawa yake ni mguu. Pedali ya kushoto hukanyagwa sambamba na fimbo, isitangulie wala isichelewe. Hakimu ni kipande cha uzi wa sufi kilichobandikwa juu ya kioo: kikinyooka, mkono na mguu vimepatana, kikilala upande, ndege inateleza kiubavu na kimo kinapotea. Duara likishakamilika, bawa la nje huenda kasi kuliko la ndani na kutaka kuzidi kuinuka, basi rubani huirudisha fimbo kidogo upande wa pili na kuishikilia pale. Aliye chini huona duara tulivu kama la mwewe, wala hajui kwamba vidole na nyayo havipumziki hata kidogo.

Fundi naye ana sehemu yake katika sifa hii. Kiungo kimoja kikikauka grisi kati ya fimbo na bawa, msuguano humeza ujumbe wote mdogo wa hewa; unasukuma, hakuna kitu, halafu ndege inaitika kupita kiasi. Kuisikiliza mikono ya rubani anayelalamika kuwa fimbo imekuwa nzito ni sehemu ya matengenezo.

Mwaka 1965 ilikuja Ka 6E, yenye umbo jembamba zaidi na mkia wa mlalo unaogeuka wote mzima. Huenda mbali zaidi, na fimbo yake ni nyepesi mno, ya kugusa tu. Wapo wanaoipenda kwa hilo hilo, na siwalaumu. Ningepewa nichague, ningechukua CR ya kawaida, ambayo mkia wake umetulia na kibao tu ndicho kinachocheza nyuma yake. Fimbo yake huzidi kuwa nzito kasi inapopanda na hulegea kasi inaposhuka, hivyo wakati wa kutua, breki za hewa zikiwa wazi na macho yakiwa uwanjani, kiganja kinampa rubani habari ya mwendo wake kabla hajatazama kipimo.