Video za dakika tatu na taa ya moteri

Leo siandiki juu ya mihogo wala maharage. Nataka kuchambua aina moja ya video ambayo wengi wetu tunaangalia kwenye simu, juu imekula dola za nyumba yetu.

Video yenyewe mnaijua. Taa ya moteri inawaka kwenye tablodi. Kijana anachomeka kisoma-kodi kidogo cha Bluetooth chini ya usukani, simu inaonyesha P0011. Anachomoa elektrovani ya VVT-i, anaweka mpya, anafuta kodi, taa inazimika. Muziki. Chini yake watu wanaandika "aksanti fundi, Mungu akubariki".

Nisiwe mchoyo. Video hizi zinafundisha kitu. Zinaonyesha elektrovani inakaa wapi, bulo gani inaishika, na namna ya kufungua fishi yake bila kuivunja. Kwa mtu ambaye hajawahi kufungua kapo, hiyo ni shule. Mimi mwenye licence ya agronomia, nilijua jina la elektrovani kutoka huko.

Lakini usomaji wenyewe ni mbaya. P0011 inasema hivi: kompyuta imeomba shafti ya supape za kuingiza hewa ikae kwenye pembe fulani, na shafti imebaki mbele kuliko ilivyoombwa. Basi. Kompyuta imelijua hilo kwa kulinganisha kapteri ya vilebrekeni na kapteri ya shafti. Elektrovani haikutajwa popote. Na VVT-i inatembea kwa mafuta ya moteri: pompi inayasukuma, elektrovani inayagawa upande huu ao ule, na gurudumu lililo kwenye ncha ya shafti linageuka. Mafuta yakipungua, yakizeeka na kuwa kama ugali mwepesi, filtri yake ndogo ikiziba, gurudumu likikwama, mnyororo ukirefuka, kodi inaweza kuwa ile ile, ao P0016 ikaja kuiongezea.

Sisi wa kilimo tunaijua dhambi hii. Mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana Masisi mwaka 2001, na tangu hapo kila jani la njano Kivu linaogopesha. Lakini Fusarium pia inafanya majani yawe njano na kunyauka. Agronome mwenye kuangalia jani tu na kusema "ngoa yote" tungemfukuza shambani. Unachukua panga, unakata shina: ukiona usaha wa rangi ya maziwa ya njano unatoka, ni bakteria, ukiona mishipa imegeuka kahawia-nyekundu bila usaha, fikiria Fusarium. Video za P0011 zinaruka panga.

Na panga ya moteri haina bei. Ya kwanza ni kijiti cha kupimia mafuta. Katika video zote nilizoangalia, na nimeangalia nyingi usiku, hakuna hata moja iliyokichomoa. Ya pili, moteri ikiwa moto na iko ralanti, unatoa fishi ya elektrovani na kuipa umeme wa batri kwa sekunde chache. Moteri inapaswa kutetemeka ao kuzimika. Isipobadilika kitu, elektrovani imekwama, ao mafuta hayafiki, ao gurudumu limekwama. Bado hujapata mkosaji lakini umepunguza washukiwa. Ya tatu ni multimetri: kwenye moteri 1NZ-FE elektrovani inapaswa kutoa kati ya 6.9 na 7.9 ohm kwenye joto la 20°C. Kipimo hicho ni cha waya tu. Elektrovani inaweza kuwa na ohm nzuri na bado kukwama kwa uchafu, ndiyo maana unaitoa na kuangalia kama kijiti chake kinatembea.

Kinachoniudhi zaidi ni mwisho wa video. Kufuta kodi kunazima taa hata ukibadilisha kapeti. Kompyuta inahitaji kutembea, kupima tena, ndipo iwashe. Aliyepiga video anafunga kamera wakati taa imezimika na kuita hiyo ushahidi. Arudi kisha wiki mbili, gari likiwa limepanda mlima na abiria, atuonyeshe tablodi tena.

Yaya yangu anafanya taksi na Probox. Tulifuata video. Elektrovani ya okazio, dola 45. Taa ilizimika siku tatu. Ikarudi. Garaji moja, sitaitaja, ikasema ni kapteri ya shafti. Dola 30 zingine, na mchana mzima bila abiria. Taa ikarudi. Wakati huo ada ya shule ya watoto ilikuwa inangojea, na shemeji alikuwa ameacha kuuliza maswali, jambo ambalo ni baya kuliko kuuliza.

Fundi mzee wa karibu na soko njo alichomoa kijiti. Mafuta yalikuwa chini ya alama, meusi, mazito. Alifungua filtri ndogo ya elektrovani, ikawa imezibwa na uchafu kama lami. Akaiosha kwa esanse, akafanya vidanje na mafuta 5W-30 na filtri mpya, akamwambia yaya arudi kisha kilomita 1.000 abadilishe tena, juu uchafu uliobaki ndani utaendelea kutoka. Alituuliza pia nani alituambia tutie 20W-50. Tuliangaliana na yaya. Na hiyo pia ilikuwa video.

Elektrovani tuliyoitoa mara ya kwanza bado iko kwenye sanduku chini ya kitanda. Nimeipima: 7.3 ohm, na kijiti chake kinaruka vizuri ukiigusisha na batri. Mwenye kuihitaji aandike hapa chini, lakini kwanza atuambie kijiti cha mafuta kinasema nini.