Picha Iandikwayo Kifaransa, Masimulizi Yasemwayo Kiswahili: Uhakiki wa Matini ya Tshibumba Kanda Matulu

Ikisiri

Makala hii inahakiki masimulizi ya Kiswahili ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Katanga, yaliyorekodiwa mwaka 1973 na 1974 alipokuwa akimweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian picha zake za historia ya nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Swali la msingi ni kwa nini maandishi yaliyomo kwenye picha ni ya Kifaransa ilhali masimulizi ni ya Kiswahili. Inajengwa hoja kwamba picha na masimulizi ni matini moja yenye sehemu mbili, na kwamba mgawanyo wa lugha unatokana na maisha ya kila siku ya picha hizo: zinavyochorwa, zinavyouzwa na zinavyotazamwa sebuleni. Makala inahitimisha kwamba sababu zinazotolewa za kuiacha matini hii nje ya fasihi ya Kiswahili haziwezi kutetewa bila kuzitupa pia kazi ambazo tumekwisha kuzikubali.

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wetu wa fasihi husoma Habari za Wakilindi, husoma maisha ya Tippu Tip, na husoma Desturi za Waswahili. Ni nadra kumpata mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na hata ya uzamili, aliyewahi kusikia jina la Tshibumba Kanda Matulu. Hata hivyo, mchoraji huyu alisimulia kwa Kiswahili historia ya Kongo kuanzia enzi za watawala wa kale hadi utawala wa Mobutu, picha baada ya picha, takriban picha mia moja kwa jumla. Kitabu kilichotokana na masimulizi hayo, Remembering the Present cha Fabian (1996), kinafahamika sana miongoni mwa wanaanthropolojia na wanahistoria wa sanaa. Miongoni mwa wanafasihi wa Kiswahili kimepita karibu kimyakimya.

Mwandishi wa makala hii naye ana sehemu yake katika kimya hicho. Miaka kadhaa iliyopita, katika kozi ya isimu, aliwapa wanafunzi aya chache za Kiswahili cha Lubumbashi na kuwataka wasahihishe makosa. Zoezi lilifanyika vizuri, makosa yakasahihishwa, na kilichobaki hakikuwa na uhai wowote. Makala hii, kwa kiasi fulani, ni marekebisho ya zoezi hilo.

2.0 Mchoraji na kazi yake ya kila siku

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 mjini Elisabethville, mji uliokuja kuitwa Lubumbashi mwaka 1966. Alikuwa Mluba wa asili ya Kasai, mmoja wa maelfu ya watu ambao familia zao zilivutwa Katanga na migodi ya shaba. Katika kipindi kinachotuhusu aliishi Kipushi, mji wa mgodi ulio karibu na Lubumbashi, mpakani mwa Zambia. Hakupitia chuo cha sanaa, wala hakuwa na nyumba ya maonesho iliyomsimamia. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga kilichowambwa kwenye fremu ya mbao, kisha akazichukua picha na kuzitembeza kwa wanunuzi.

Maelezo haya ni sehemu ya uhakiki wenyewe, kwa sababu umbo la picha limetokana nayo. Picha inayouzwa kwa mkono lazima ibebeke. Inayonunuliwa na karani, mwalimu au mfanyakazi wa mgodi lazima bei yake iwe ya kufikika, na kwa hiyo lazima ichorwe upesi. Tena lazima itambulike mara moja mlangoni, kabla mwenye nyumba hajasema hahitaji. Ndiyo sababu wachoraji wa Katanga walirudiarudia mada zilezile: mamba muntu, yaani mwanamke mwenye mkia wa samaki, na ile iliyoitwa "Colonie belge", ambamo askari Mwafrika anamchapa kiboko mfungwa aliyelazwa chini huku ofisa Mzungu akitazama na bendera ya Ubelgiji ikipepea. Mhakiki aliyezoea kuthamini upekee wa kazi ataona hapa upungufu. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataona jambo analolijua vizuri, yaani utendaji unaorudiwa na kubadilika kidogo kila unaporudiwa, kulingana na hadhira.

Tshibumba alitofautiana na wenzake kwa dai lake. Alijiona kuwa mwanahistoria. Alipompata msikilizaji aliyekuwa tayari kupokea mfululizo mzima badala ya picha moja ya kutundika, alipanga mada zilizotawanyika katika sebule za mji mzima zikawa simulizi moja. Habari zake zinakatika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo hakuonekana tena.

3.0 Dhana ya ukumbusho

Szombati-Fabian na Fabian (1976) walionesha kwamba neno kuu ambalo watu wa Lubumbashi walilitumia kuzieleza picha hizi ni ukumbusho. Mjadala wao ni wa kianthropolojia. Kimofolojia neno hili lina jambo la kuongeza. Kutokana na kitenzi kumbuka tunapata kumbukumbu, yaani kile kinachokumbukwa au kilichohifadhiwa. Ukumbusho unatokana na kumbusha, kauli ya kutendesha. Kauli hiyo hudai washiriki wawili, anayekumbusha na anayekumbushwa. Kwa hiyo picha inayoitwa ukumbusho haikumbuki chochote yenyewe, wala si ghala la habari. Ni chombo cha kumfanya mtu mwingine akumbuke, na kwa kuwa akumbukaye ni mtu, ataeleza anachokikumbuka kwa maneno.

Tofauti hii imepotea katika jina la kitabu cha 1996, ingawa mjadala uliomo ndani unaitambua. Kiingereza cha jina hilo kinasema kukumbuka; Kiswahili cha wenye picha kilisema kukumbusha. Katika tafsiri hiyo mshiriki wa pili ameondolewa, na huyo ndiye anayetuhusu zaidi. Yeye ni mwenye nyumba anayeketi chini ya picha ya "Colonie belge" na, mgeni anapoitupia jicho, huanza kumweleza aliyoyaona baba yake. Bila maelezo hayo picha imening'inia ukutani, lakini haijafanya kazi iliyonunuliwa kufanya.

4.0 Kifaransa juu ya kitambaa, Kiswahili mdomoni

Picha za Tshibumba zina maandishi mengi: vichwa, tarehe, majina ya watu na ya mahali. Karibu yote ni ya Kifaransa. Mfano mzito zaidi ni picha ya kifo cha Patrice Lumumba na wenzake, Mpolo na Okito, waliouawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na Elisabethville. Misalaba mitatu inaonekana nyuma, na damu inayotoka ubavuni mwa Lumumba inaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Hata damu, basi, inaandika Kifaransa. Mchoraji alipofungua kinywa kuisimulia historia hiyo, alisema Kiswahili.

Jibu jepesi ni kwamba Kifaransa kilikuwa lugha ya shule na Kiswahili lugha ya mazungumzo. Jibu hilo ni kweli lakini halitoshi, kwa sababu halielezi kwa nini mtu anayewachorea wasemaji wa Kiswahili asiwaandikie kwa Kiswahili. Inafaa kulinganisha hapa na matini nyingine ya mji huohuo, ile historia ya Elisabethville iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965 kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa majumbani. Jina lake ni la Kifaransa, Vocabulaire de la ville de Elisabethville, lakini kilichomo ndani ni Kiswahili. Mpangilio ni uleule: Kifaransa mlangoni, Kiswahili ndani ya nyumba.

Rai yetu ni kwamba Kifaransa katika matini hizi kinafanya kazi ya muhuri. Tarehe na jina vikiandikwa kwa lugha ya serikali, ya mahakama na ya kampuni, vinadai kutambuliwa kuwa ushahidi. Mwaka 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipigwa risasi uwanjani Elisabethville. Tshibumba aliichora siku hiyo. Tukio ambalo wenye mamlaka wasingependa lidumu anaandika tarehe yake kwa lugha ya wenye mamlaka haohao, kana kwamba anajaza rejesta waliyoiacha wazi. Lakini rejesta haisimulii. Kueleza nani alisimama wapi, nani aliogopa na jambo hilo lina maana gani kwa anayetazama leo kulihitaji lugha ambamo watu wa mji walikuwa wamezoea kuelezana maisha yao. Kwa hiyo nusu moja inathibitisha na nusu ya pili inafafanua, na kuchapisha mojawapo bila nyingine ni kuivunja matini.

5.0 Lugha ya masimulizi

Kiswahili cha Lubumbashi kimeelezwa kitaalamu tangu zamani. Schicho (1982) alikiandikia sarufi yake ya miundo. Kina kiambishi ba- pale sanifu ina wa-, muntu pale tuna mtu, kuya pale tuna kuja. Upatanisho wa ngeli umepunguzwa, na maneno ya Kifaransa yanaingia na kutoka bila kubisha hodi. Kwa kipimo cha Kiunguja kilichosanifiwa tangu mwaka 1930, orodha hii husomwa kuwa orodha ya upungufu.

Tuchukue umbo moja tu, njo. Asili yake ni ndiyo, na hutumika kama ndiye, ndio na ndicho za Kiswahili sanifu, isipokuwa halibadiliki kwa ngeli. Msahihishaji ataona upatanisho uliopotea. Mhakiki anapaswa kuuliza umbo hili lina kazi gani katika usimulizi unaofanyika mbele ya picha. Msimulizi ananyoosha kidole, anamtambulisha mtu, anamtenga na wengine waliosimama naye: huyu, na si yule. Katika hali hiyo njo ni kiungo kati ya kidole na hadithi, na kwa vile halibadiliki, linaweza kumfuata mtu, kitu, siku au sababu bila kukata mwendo. Umbo lenyewe si mali ya Tshibumba, ni la kila msemaji wa mji. Picha ndiyo iliyolipa nafasi ya kuwa nguzo ya usimulizi. Tukiliandika upya kisanifu, sentensi itakuwa sahihi na kidole kitakuwa kimetoweka.

6.0 Pingamizi tatu

Pingamizi la kwanza ni kwamba matini hii iliagizwa na Mzungu. Mfululizo kamili haungekuwapo bila Fabian, mnunuzi wake na mwulizaji wa maswali yake, na ni halali kushuku kwamba mchoraji alirekebisha usemi wake kwa ajili ya mgeni. Lakini maisha ya Tippu Tip yalitufikia kupitia Heinrich Brode, na Mtoro bin Mwinyi Bakari aliandika kwa ajili ya Carl Velten. Ikiwa mkono wa Mzungu unaiondoa matini katika fasihi yetu, sehemu kubwa ya nathari yetu ya mwanzo itatoka pamoja nayo. Fabian walau ameyaacha maswali yake yaonekane, jambo ambalo Velten hakulifanya.

Pingamizi la pili ni la lugha, na limejibiwa kwa kiasi. Liongezwe hili: simulizi ya Tippu Tip kuhusu nchi hiyohiyo ya Kongo tunaikubali kwa kuwa msimulizi ni wa pwani. Je, tunachokilinda ni ubora wa matini au asili ya msemaji?

Pingamizi la tatu ndilo zito. Inasemwa kwamba haya ni maelezo ya picha, na maelezo ya picha si fasihi. Kama uchambuzi wetu wa ukumbusho ni sahihi, basi pingamizi hili limegeuza uhusiano. Masimulizi hayakuzaliwa ili kuieleza picha. Picha ilichorwa ili masimulizi yazaliwe. Katika sebule ya kawaida kazi hiyo ya kusimulia ilikuwa ya mwenye nyumba, na maneno yake yalipotea jioni hiyohiyo. Mbele ya kinasa sauti mchoraji aliifanya mwenyewe, ndiyo maana tunayo.

Hata hivyo, hatupaswi kuipamba. Kuna mahali ambapo mpangilio wa picha baada ya picha unaikata simulizi vipande, na mahali ambapo mwulizaji anaielekeza kwenye mambo yanayomshughulisha yeye. Nayo Zaire ya Mobutu haikuwa mahali pa kusema kila kitu mbele ya kinasa sauti. Haya ni mambo ya kuhakikiwa, kama tunavyohakiki upendeleo wa kiukoo katika Habari za Wakilindi. Matini yenye kasoro huhakikiwa. Yetu tumeiacha bila kuisoma.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba mgawanyo wa Kifaransa na Kiswahili katika kazi ya Tshibumba una mantiki, kwamba mantiki hiyo inatokana na maisha ya picha katika nyumba za watu, na kwamba masimulizi ni nusu ya kazi hiyo. Kitabu cha 1996 kilitanguliza tafsiri ya Kiingereza, na manukuu ya Kiswahili yakafuata baadaye kwenye hifadhi ya mtandaoni iliyo wazi kwa yeyote. Kwa hiyo kisingizio cha kukosa matini hakipo.

Kinachohitajika ni toleo la kitaaluma linaloweka picha na Kiswahili chake katika ukurasa mmoja, bila kukisanifisha, likiwa na faharasa ya msamiati wa Lubumbashi kwa msomaji wa Nairobi, Dar es Salaam au Zanzibar. Faharasa hiyo si aibu. Tunaitoa kila tunapochapisha tenzi za Kiamu. Wakati tukiisubiri, hatua ndogo inawezekana muhula ujao: kuwapa wanafunzi picha moja na masimulizi yake, na safari hii kuwauliza inakumbusha nini, na inamkumbusha nani.