Kutoka Posti Hadi Sanduku la Barua Pepe

Tarehe 15 Septemba 2019 nyigu alimuuma profesa wa historia katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani. Heather Cox Richardson, mwalimu wa Boston College, ana mzio wa sumu ya nyigu, kwa hiyo safari aliyokuwa ameipanga ilibidi isubiri kwanza. Wakati anangoja kuona hali yake itakuwaje, alifungua ukurasa wake wa Facebook akaandika juu ya jambo lililokuwa likimsumbua kichwani. Siku mbili kabla, Adam Schiff, mwenyekiti wa Kamati ya Ujasusi ya Baraza la Wawakilishi, alikuwa amemwandikia kaimu mkuu wa ujasusi wa taifa akidai apewe malalamiko ya mtoa taarifa ambayo Bunge lilikuwa limenyimwa. Richardson alieleza, kwa lugha ya mwalimu aliyezoea wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa nini barua ile haikuwa ya kawaida.

Maswali yakamiminika. Akaandika tena kuyajibu, na baada ya muda mfupi akawa anaandika karibu kila usiku. Wasomaji ndio walioomba wapelekewe maandishi hayo kwa barua pepe, na hivyo likazaliwa jarida la Letters from an American kwenye jukwaa la Substack. Mwishoni mwa mwaka 2020 gazeti la New York Times liliripoti kwamba waliojiandikisha walikuwa wamepita 350,000, na kwamba mapato yake yalikuwa yakielekea dola milioni 1 kwa mwaka. Hakuna mwandishi mwingine aliyefanya kazi peke yake pale Substack aliyekuwa amemfikia.

Kisa hiki husimuliwa kama bahati, na bahati ilikuwepo. Malalamiko yale ndiyo yaliyomfikisha Rais Donald Trump kwenye mashtaka ya Bunge Desemba 2019, na Wamarekani wengi walikuwa wakitafuta mtu wa kuwaeleza kinachoendelea. Lakini maprofesa wenye ukurasa wa Facebook walikuwa tele, na wengi wao walikuwa na la kusema. Kilichomtenga Richardson na wenzake ni namna alivyoigawa kazi kati ya posti na barua. Au tuseme, namna alivyokataa kuigawa.

Desturi ya wenye majarida ni kumwonjesha msomaji aya mbili, kisha kumwachia linki ya "soma zaidi". Richardson alibandika Facebook barua nzima, ile ile iliyokwenda kwa barua pepe, na orodha ya vyanzo chini yake. Hakuna kilichofichwa. Hata aliyelipa dola 5 kwa mwezi hakupata maandishi ya ziada; alichopata hasa ni nafasi ya kuchangia maoni kule Substack. Mfanyabiashara yeyote atauliza: kama bidhaa inagawiwa bure barazani, nani ataingia dukani?

Jibu limo katika namna Facebook inavyofanya kazi. Mtandao huo hauonyeshi kila posti kwa kila mfuasi. Programu yake huzipanga posti kwa kukisia kipi kitamshikilia mtu kwa muda mrefu, kwa hiyo mtu anaweza kuufuata ukurasa kwa moyo wote na bado akakosa posti za siku nne mfululizo. Anayetaka kuipata barua kila asubuhi bila kubahatisha hana njia nyingine ila kuacha anwani yake. Richardson huandika usiku, na msomaji anaamka barua imeshafika. Kwa maneno mengine, posti ilitoa maarifa, na barua pepe ikatoa uhakika wa kuyapata. Vitu hivyo viwili havikugombania msomaji.

Ratiba nayo ilisaidia, pamoja na ubinadamu mdogo mdogo. Usiku ambao amechoka, Richardson hutuma picha tu, mara nyingi ya bahari ya Maine, na sentensi chache za kuaga. Mshauri wa masoko angesema siku kama hiyo ni bora kunyamaza. Yeye aliona msomaji aliyezoea kuamka na barua anastahili angalau kuambiwa kwamba leo hakuna.

Barua zake, hata hivyo, ni ndefu. Kwa upande wa posti fupi, mfano ulio wazi zaidi ni James Clear, Mmarekani mwingine, aliyeanza kuandika kwenye tovuti yake Novemba 2012, makala mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi. Kitabu chake Atomic Habits kilitoka Oktoba 2018, wakati orodha ya wasomaji ilikwisha kujengwa kwa miaka karibu sita. Jarida lake la sasa linaitwa 3-2-1 na hutoka kila Alhamisi: mawazo mafupi 3 yake mwenyewe, nukuu 2 za watu wengine na swali 1 kwa msomaji. Ukilitazama vizuri utagundua kwamba ameenda kinyume na Richardson. Profesa aligeuza posti kuwa barua. Clear alitengeneza barua ambayo tangu mwanzo inaweza kukatwa vipande, na kila kipande kikasimama chenyewe mtandaoni bila kuhaririwa.

Vipimo vinaruhusu. Twitter ilimpa mtu herufi 140 hadi Novemba 2017, ilipoongeza zikawa 280. Linki yoyote, hata iwe ndefu kiasi gani, huhesabiwa kuwa herufi 23. Mwandishi anabakiwa na 257 za kusema jambo zima, na jambo zima ndilo linalotakiwa. Ubaya wa njia hii ni kwamba inazoesha mkono kuandika sentensi za hamasa zisizo na kitu ndani. Mitandao ya Kiswahili imejaa hizo tayari, kila mtu akimnakili mwenzake bila kujua nani alianza.

Chukua mfano wa kubuni: afisa ugani mkoani Iringa mwenye jarida la kila wiki la wakulima wa mahindi. Anaweza kuposti hivi: "Toleo la 14 limetoka! Wiki hii tunazungumzia viwavijeshi. Bofya linki usome." Au anaweza kuposti hivi: "Usiku kiwavijeshi vamizi anakula, mchana amejificha ndani ya moyo wa mhindi. Ukipuliza dawa jua la saa sita, unaosha majani tu. Kagua alfajiri au jioni: fungua moyo wa mmea, tafuta kinyesi kilicholowa kama unga wa mbao."

Posti ya kwanza ni tangazo. Ya pili ni msaada, na bado haijavuka herufi 280. Mkulima asiyebofya chochote ameondoka na kitu, na huenda akaipeleka kwenye kundi la WhatsApp la ushirika wao. Chini ya posti hiyo, kama jibu, afisa wetu anaongeza: "Namna ya kukagua shamba zima kwa kutembea mstari wa W, ukisimama vituo 5, itakuwa kwenye jarida la kesho asubuhi. Jiandikishe hapa." Neno la kuangalia hapo ni "kesho". Toleo likishatoka, mtu anaweza kulisoma kwenye tovuti na kwenda zake. Kabla halijatoka, njia ya uhakika ya kulipata ni kuacha anwani. Waandishi wengi hupiga mbiu baada ya kutuma, saa ambayo sababu ya kujiandikisha imeshapungua.

Linki imewekwa kwenye jibu kwa makusudi. Oktoba 2023 Elon Musk, mmiliki wa X (Twitter ya zamani), alisema waziwazi kwamba programu ya X inalenga kuongeza muda ambao mtu anakaa ndani ya X, kwa hiyo posti zinazomtoa nje hazipati nafasi sawa na nyingine. Mwezi huo huo X iliondoa vichwa vya habari kwenye linki, ikabaki picha tupu. Anayetangaza jarida kwa linki pekee anashindana na mtambo uliotengenezwa umshinde.

Substack yenyewe iliyaonja hayo. Aprili 2023, mara tu ilipotangaza Notes, huduma yake ya posti fupi, Twitter ilizuia posti zenye linki za Substack zisipendwe, zisijibiwe wala zisisambazwe. Zuio lilidumu siku chache tu, lakini Matt Taibbi, mwandishi aliyekuwa akichapisha nyaraka za ndani za Twitter kwa ridhaa ya Musk mwenyewe, alitangaza kuondoka. Agosti mwaka huo Washington Post iliripoti kwamba linki za kwenda Substack, Facebook, New York Times na kwingineko zilikuwa zikicheleweshwa takriban sekunde 5. Kwenye simu, sekunde 5 zinatosha mtu kughairi na kurudi alikotoka.

Mitandao mikubwa ilijaribu pia kuyafuga majarida ndani ya ua wake. Twitter ilinunua Revue, huduma ya majarida, Januari 2021, ikaifunga Januari 2023. Facebook ilianzisha Bulletin Juni 2021, na Oktoba 2022 ikatangaza kwamba inaiacha. Waliokuwa na faili la anwani za wasomaji wao walihama nalo. Wafuasi, kwa upande mwingine, hawahamishiki, kwa sababu mtandao haumpi mtu yeyote anwani za wafuasi wake.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam jambo hilo halihitaji mifano ya ng'ambo. X ilizuiwa Tanzania Mei 2025, na aliyetaka kuendelea kuisoma alilazimika kutumia VPN. Mwandishi aliyekuwa amekusanya wasomaji wake wote huko alibaki na tarakimu kwenye ukurasa ambao wengi wao hawaufikii.

Afrika Mashariki ina kikwazo kingine ambacho washauri wa California hawakitaji kamwe: bando. Kampuni za simu huuza vifurushi vya WhatsApp na mitandao ya kijamii peke yake, na mwenye kifurushi hicho akibofya linki ya kwenda nje anakutana na ukurasa usiofunguka. Amevutiwa, amebofya, na amekwama. Hapa njia ya Richardson ya kubandika kila kitu ndani ya posti ina nguvu kuliko hata kule Marekani. Na jarida lenyewe linapaswa kuwa jepesi: maandishi, picha moja ikibidi, bila video wala mapambo.

The Continent liliielewa hali hii mapema. Gazeti hilo la wiki la Afrika nzima lilianza Aprili 2020 chini ya Mail & Guardian la Johannesburg, likiongozwa na Simon Allison na Sipho Kings, wakati uzushi kuhusu UVIKO-19 ulikuwa ukisambaa WhatsApp kwa kasi. Badala ya kuwavuta watu watoke WhatsApp, walitengeneza gazeti la PDF linalosomeka kwenye kioo cha simu, wakalipeleka huko huko kila Jumamosi. Msomaji aliomba mwenyewe kuwekwa kwenye orodha, na kila aliyelipokea aliweza kulituma mbele likiwa zima.

Njia hiyo ina masharti magumu. Orodha ya matangazo ya WhatsApp hubeba watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyehifadhi namba ya mtumaji. Desemba 2019 kampuni hiyo ilianza kupiga marufuku utumaji wa majarida kwa wingi, na wachapishaji kadhaa wa Ulaya wakaacha. Chaneli za WhatsApp, zilizofika Kenya Julai 2023, hazina ukomo huo wa idadi, ila mwenye chaneli haoni namba za wafuasi wasio kwenye simu yake. Tumerudi kwenye tatizo la X: watu wapo, orodha haipo. Chaneli ni mahali pazuri pa kuposti, lakini haifai kuwa mahali pa mwisho.

Kupima kama njia inafanya kazi kumekuwa kugumu zaidi. Tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha za barua hata kabla mtu hajaifungua, kwa hiyo asilimia ya "waliofungua" imevimba na haiaminiki. Kipimo bora ni kuweka linki tofauti ya kujiandikisha kwa kila mtandao, kisha kuhesabu wangapi walitoka wapi, na wangapi kati yao bado wapo baada ya miezi mitatu. Posti iliyopendwa na maelfu inaweza kuleta watu sita, na posti ya viwavijeshi iliyopendwa na watu 40 ikaleta 20 wanaokaa.

Njia ya mkato ya kuchota anwani kutoka makundi ya WhatsApp au kununua orodha imeharibika kabisa. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinawataka wanaotuma barua kwa wingi wathibitishe utambulisho wao, waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya taka yasifike asilimia 0.3. Katika barua 1,000, watu 3 tu wakilalamika, barua za wote zinaweza kuanza kuishia kwenye folda ya taka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya 2019 nazo zinadai ridhaa ya mwenye taarifa. Anayeanza leo aombe anwani kwa jina la kitu mahususi atakachotuma na siku atakayokituma, na kila mwezi apakue faili la orodha yake alihifadhi kwenye kompyuta yake mwenyewe.