Fundi wa Taa za Dagaa

Kwenye mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, wako mafundi wanaoshinda mchana kutwa wakiandaa mwanga wa usiku. Juu ya meza zao za mbao utakuta pasi ya kulehemu, mita ya kupimia umeme, vipande vya waya, gundi na taa zilizofunguliwa matumbo. Kazi huwajia kwa wingi siku chache kabla ya giza la mwezi kuingia, kwa sababu mwezi ukiwa mpevu dagaa hawajikusanyi kwenye taa, na wavuvi wengi hupumzisha mitumbwi wakashona nyavu. Ninawasifu mafundi hawa kwa jambo moja: wanajua nishati inakopotelea.

Uvuvi wa taa katika Ziwa Tanganyika ni wa kale. Zamani waliwasha matete na kuni mbele ya mtumbwi, wakachota dagaa kwa wavu wa mkono. Vijidudu vya majini hufuata mwanga, dagaa hufuata vijidudu, na migebuka huwafuata dagaa. Baadaye ikaja karabai. Unajaza mafuta ya taa, unapiga pampu, mafuta yanageuka mvuke, na mvuke unaungua ndani ya soksi nyeupe inayong'aa kuliko moto wenyewe. Soksi hiyo ilibuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwishoni mwa karne ya 19. Kwa miongo mingi taa za karabai ziliufanya upeo wa ziwa uonekane kama mji.

Lakini tuifanyie karabai hesabu yake. Lita moja ya mafuta ya taa hubeba nishati ya karibu kilowati-saa 10. Karabai inayomaliza lita hiyo kwa saa kumi inaunguza karibu wati 1,000 muda wote. Katika hizo, mwanga ni kama sehemu moja tu ya mia. Zilizobaki zote ni joto: linapasha kioo, linapasha uso wa mvuvi, linapotelea kwenye upepo wa ziwa. Nishati haikufa, maana nishati haifi. Imekwenda tu mahali ambapo dagaa hawana haja nayo.

Taa ya LED ya wati 15 hutoa mwanga unaolingana na wa karabai hiyo, au kuuzidi. Ndani yake mna kipande kidogo cha kitu kinachoitwa kipitishi nusu. Umeme ukipita hapo hutoa mwanga wa bluu, na unga wa manjano uliopakwa juu hugeuza sehemu ya bluu hiyo ili jicho lione weupe. Waliofanikisha bluu hiyo, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Bluu iliyobaki inawafaa watu wa Kigoma, kwa kuwa katika maji safi kama ya ziwa letu wekundu humezwa karibu na juu, ila bluu huzama mbali.

Hata hivyo LED nayo inatoa joto, tena joto lake hujificha nyuma ya taa, mahali mnunuzi haangalii. Hapo ndipo utamjua fundi. Fundi aliyekomaa haibandiki LED kwenye plastiki. Anaikalisha juu ya bati la alumini, anapaka krimu ya kupitisha joto kati ya viwili hivyo, anakaza skrubu, kisha anaiwasha na kuiacha kwa muda. Anashika mgongo wa bati kwa kidole gumba. Bati likiwa na joto anaridhika, maana joto linatoka. Bati likibaki baridi huku taa inawaka, anafungua upya: joto limenaswa ndani, na taa hiyo itafifia kabla msimu haujaisha.

Waya nao una elimu yake. Taa nne za wati 15 ni wati 60, na kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea 5. Tuseme toka betri hadi kwenye taa ni mita 10, kwenda na kurudi mita 20. Ukitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, zaidi ya volti 2 zinaliwa njiani na wati 11 na ushee zinaishia kupasha waya. Ukitumia wa milimita za mraba 1.5, hasara inashuka hadi nusu. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto la waya linaongezeka mara nne. Mvuvi huutaka waya mwembamba kwa kuwa ni wa bei rahisi, na fundi mwenye tamaa atamuuzia. Fundi mwadilifu humwashia taa kwa waya zote mbili, zamu kwa zamu, mvuvi ajionee tofauti.

Kuhusu betri niliwahi kusikiliza mazungumzo ambayo ningependa kila mwanafunzi ayasikie. Mvuvi mtu mzima alitaka betri ya ampea-saa 75. Fundi, kijana anayetosha kuwa mwanawe, alimjibu kwa adabu, "Mzee wangu, hii itakufikisha alfajiri leo na kesho. Mwezi ujao haitakufikisha." Akamfafanulia: 75 mara 12 ni wati-saa 900, lakini betri ya risasi ukiikausha kupita nusu unaiua, kwa hiyo ulicho nacho ni 450. Taa nne kwa saa kumi zinataka 600. "Chukua ya mia, mzee. Nusu yake ndiyo hiyo 600 kamili." Mzee alikaa kimya kidogo, akauliza bei, akaguna, akachukua ya mia.

Elimu hiyo ni ileile inayoendesha mitambo mikubwa ya mkoa huu. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa hapa Kigoma, ikaelea 1915 kwa jina la Goetzen. Wajerumani walipoizamisha wenyewe vitani mwaka 1916, wahandisi wake waliipaka injini grisi nene kwanza. Ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927, na injini za mvuke ziliendelea kuisukuma hadi miaka ya 1970 ilipowekewa dizeli. Ninaiheshimu sana grisi ile. Aliyeipaka alikuwa anaizamisha meli yake mwenyewe, na bado hakutaka chuma kizuri kiliwe na kutu.

Mji nao uliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, mbali na Gridi ya Taifa, kabla gridi haijafika. Jenereta na mtambo wa maji vinakutana kwenye ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka 1831: sumaku na koili vikizungushwa kimoja mbele ya kingine, umeme unazaliwa. Tofauti ni nani anazungusha. Kwenye mto Malagarasi, katika maporomoko ya Igamba, uko mradi wa megawati 49.5, na wa kuzungusha huko ni uzito wa maji yanayoshuka. Tani nzima ya maji ikishuka mita moja inatoa jouli 9,800, kiasi cha kuwasha taa moja ya dagaa kwa dakika kumi na moja hivi. Ukiijua hesabu hiyo, huwezi tena kuunganisha waya kizembe.

Wanafunzi wetu wa sekondari, Ujiji na Kigoma mjini, wanakariri kanuni ya Ohm ubaoni na wengi humaliza shule hawajashika mita. Kibirizi iko karibu nao. Walimu wawapeleke hapo mchana mmoja kabla ya giza, mafundi walipwe kwa muda wao kama walimu wanavyolipwa. Kila kundi lipewe betri moja, taa nne, na waya wa mita kumi wa aina mbili. Wapime volti kwenye vichwa vya betri, wapime tena kwenye taa, watoe, wazidishe kwa ampea. Halafu washike maungio kwa vidole, na fundi awaoneshe lile lenye joto, linalopaswa kulehemiwa upya.