Kihenge Kilichokatwa kwa Umbo la Punje ya Hindi

Wageni wengi wa V&A Waterfront mjini Cape Town humalizia siku madukani na kwenye mikahawa inayotazama Table Mountain. Mimi huwashauri waanzie kwenye chelezo cha Robinson. Kilijengwa 1882 na hadi leo kinafanya kazi ile ile: meli inaingizwa, lango linafungwa, maji yanavutwa nje kwa pampu, chombo kinabaki kimekalia magogo, kisha mafundi wanaanza kukwangua kutu na kupaka rangi. Yote hayo hufanyika hatua chache tu kutoka walipo watu wanaokula samaki kwa viazi. Hakuna aliyeking'oa chelezo kile ili kupendezesha mandhari, na kwangu uamuzi huo ndio unaoeleza mafanikio ya eneo zima. Cape Town waliwafungulia watu bandari ikiwa bado bandari.

Kuelewa kilichofanyika inabidi kurudi nyuma kidogo. Ghuba ya Table ilikuwa kaburi la meli majira ya baridi, pepo za kaskazini-magharibi zinapovuma, kiasi kwamba watu wa bima wa Lloyd's kule London walikataa kuzikatia bima meli zinazotia nanga humo msimu huo. Mwaka 1860 Prince Alfred, mtoto wa pili wa kiume wa Malkia Victoria, kijana wa miaka 16, alimwaga shehena ya kwanza ya mawe ya ukuta wa kuzuia mawimbi. Kazi yenyewe ilifanywa na wafungwa. Mwamba waliouchimba kutengeneza bwawa la bandari ndio uliomwagwa baharini kuwa ukuta, kwa hiyo shimo na kinga yake vilizaliwa pamoja. Bwawa la Alfred lilifunguliwa 1870. Almasi na dhahabu za bara zilipoleta meli nyingi, likafuata la Victoria, ambalo ni kubwa zaidi. Mnara wa Saa uliosimama pale, mwekundu na wenye pembe nane, ulikuwa ofisi ya kapteni wa bandari. Chini yake kuna kipimo cha maji kujaa na kupwa, na juu kuna chumba cha vioo kilichomwezesha kapteni kuona kila kinachoendelea bandarini bila kutoka nje.

Kisha mji ukanyang'anywa bahari yake. Kuanzia miaka ya 1930 lilijengwa gati jipya la Duncan, ufuo ukajazwa kifusi, na mitaa iliyokuwa ikigusana na maji ikajikuta mbali nayo. Reli, uzio wa forodha na baadaye barabara kuu za juu vikaingia katikati. Makontena yalipokuja miaka ya 1970, mabwawa mawili ya zamani yakabakiwa na boti za uvuvi, matengenezo ya vyombo, matangi ya mafuta na maghala yasiyokuwa na mzigo. Mkazi wa Cape Town angeweza kuishi maisha yake yote bila kukanyaga bandari iliyouzaa mji wake.

Mwaka 1988 shirika la serikali la reli na bandari, ambalo baadaye liliitwa Transnet, liliunda kampuni ya kuendeleza eneo hilo, ambalo ni hekta 123. Mkurugenzi wake wa kwanza, David Jack, alikuwa ametoka kwenye kazi ya mipango miji ya Cape Town yenyewe, na hilo linaonekana katika hatua alizochukua. Hawakuanza na ghorofa. Walianza na majengo yaliyokuwepo kuzunguka kichwa cha gati: ghala la North Quay likageuzwa hoteli, ofisi na karakana za zamani zikawa baa na mikahawa, na sehemu hiyo ikafunguliwa 1990. Jengo kubwa la maduka, Victoria Wharf, lilikuja 1992, na jumba la viumbe wa bahari, Two Oceans Aquarium, mwaka 1995.

Mpangilio huo ni wa kuigwa kuliko jengo lolote lililomo. Kukarabati ghala ni nafuu kuliko kujenga mnara, na ghala lililokarabatiwa huanza kulipa kodi mapema, hivyo hatua ya kwanza ikachangia gharama za ya pili. Kikubwa zaidi, watu walijengewa mazoea. Kwa miaka miwili walikwenda pale kutembea, kunywa na kuwatazama sili waliojilaza kwenye majukwaa ya mbao, kabla ya kuwepo duka kubwa la kuwavuta. Duka lilipofika lilikuta njia zimeshakanyagwa. Nimeona miradi mingi ikianza na duka, kisha wahusika wanahangaika kutafuta sababu ya kumfanya mtu atoke nje.

Tazama pia walivyolimaliza suala la njia. Mfereji unaoingia bwawa la Alfred hukatiza wanakopita watembeao kwa miguu kati ya Mnara wa Saa na upande wa mikahawa. Daraja lisilosogea lingekuwa rahisi kulijenga na kulitunza, ila lingefungia vyombo nje, na chelezo kingekufa siku hiyo hiyo. Waliweka daraja linalozunguka. Chombo kikitaka kupita, vizuizi hufungwa, daraja hugeuka pembeni, na umati husubiri huku boti ya uvuvi ikipita karibu nao kiasi cha kuona nyavu zilivyokunjwa. Mwaka 2019 daraja hilo jembamba liliondolewa likawekwa jipya, pana zaidi, linalozunguka vilevile. Msongamano wa watu ulikuwa umewapa kisingizio kizuri cha kuachana na usumbufu huo, nao hawakukitumia.

Heshima hiyo hiyo walikuwa wameionyesha 1999, wachimbaji wa msingi wa jengo la ofisi za benki walipokutana na kuta za ngome ya Chavonnes, iliyojengwa na Waholanzi mwanzoni mwa karne ya 18. Ofisi zilijengwa, lakini ngome haikufukiwa. Leo mgeni hushuka chini ya jengo na kuzikuta kuta zake.

Sasa nije kwenye kihenge, maana pale ndipo ufundi ulipopimwa kwelikweli.

Kihenge cha nafaka cha Cape Town kilikamilika 1924, kikiwa na kimo cha mita 57, na kwa miaka mingi kilikuwa miongoni mwa majengo marefu kabisa kusini mwa Afrika. Mahindi yalifika kwa reli kutoka bara, yakapandishwa, yakapimwa, yakapangwa kwa madaraja na kuhifadhiwa hadi meli ifike. Jengo lina sehemu mbili. Mbele kuna mnara wa mitambo, na nyuma yake vihenge 42 vya zege vya mviringo, kila kimoja kimo chake mita 33 na kipenyo mita 5.5, vimebanana bila sakafu na bila dirisha hata moja. Mitambo iliposimama, likabaki jengo ambalo kulibomoa ni ghali na kulitumia ni kitendawili.

Msanifu Thomas Heatherwick wa London ndiye aliyepewa kitendawili hicho. Baadaye kikaungana na haja ya Jochen Zeitz, mkuu wa zamani wa kampuni ya viatu ya Puma, aliyekuwa na mkusanyiko mkubwa wa kazi za wasanii wa Afrika na wenye asili ya Afrika. Ikaamuliwa pawe makumbusho ya sanaa ya kisasa, Zeitz MOCAA, iliyofunguliwa Septemba 2017.

Ugumu wenyewe ulikuwa huu. Picha haitundikwi vizuri kwenye ukuta uliopinda, na chumba cha duara chenye upana wa mita tano na nusu hakitoshi kundi la wanafunzi na mwalimu wao. Ukiviondoa vihenge vyote, unabaki na boksi tupu lenye sura ya kale. Ukiviacha vyote, huna makumbusho. Heatherwick aliamua kuchonga uwazi mmoja mkubwa katikati, na umbo la uwazi huo akalitafuta ndani ya kihenge chenyewe. Ilichukuliwa punje ya hindi, ikapigwa skani kwa kompyuta, kisha ikakuzwa mpaka ikajaza nafasi yenye kimo cha mita 27. Umbo hilo likageuzwa kuwa maelfu ya nukta, na kila nukta ikatiwa alama ya msumari ukutani ndani ya vihenge, ili fundi ajue msumeno upite wapi.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Kuta zile zina unene wa sentimita 17 tu. Zilisanifiwa kuhimili nafaka inayosukuma kutoka ndani, na duara likiwa zima hubeba msukumo kwa kujikaza lenyewe. Likikatwa kwa mshazari, nguvu iliyokuwa ikizunguka hukosa pa kupita, na ukuta mwembamba wa miaka tisini na kitu unaweza kupasuka. Kwa hiyo kabla ya kukata walijenga. Ndani ya vihenge vya katikati walimwaga koti jipya la zege lenye nondo, likashikana na lile la zamani, na koti hilo ndilo lililoubeba mzigo na kuongoza msumeno. Atakayekuja kufanya kazi ya namna hii aukumbuke utaratibu huo: imarisha kwanza, kata baadaye.

Ukisimama ndani leo, matokeo yake unayaona kwa jicho bila maelezo ya mtu. Mirija ya zege imekatwa wazi juu ya kichwa chako mithili ya masega ya asali. Mahali msumeno ulipopita, kingo zimeng'arishwa mpaka zinameremeta, na unaona mstari kati ya zege la 1924 lenye kokoto kubwa na zege jipya lililo laini. Mafundi wangeweza kupiga lipu na kuuficha mstari ule. Waliuacha, na kwangu huo ndio ukurasa bora wa historia katika eneo zima. Lifti za duara hupanda ndani ya vihenge viwili, ngazi ya mzunguko ndani ya kingine. Juu, midomo ya vihenge imefunikwa vioo vizito vyenye upana wa mita 6 vilivyochorwa nakshi za msanii wa Togo, marehemu El Loko. Watu hutembea juu yake, na mwanga hushuka hadi chini.

Nina neno moja la kulaumu. Vyumba 80 vya maonyesho vilivyopangwa pembeni katika ghorofa 9 ni vyeupe, vya mraba, vya kawaida. Ukishatoka kwenye ule uwazi na kuingia chumbani, jengo linakutoka akilini, ungeweza kuwa Berlin au New York. Ilibidi vihenge vingi viondolewe kupata vyumba hivyo, na naona vichache zaidi vingeweza kuachwa vizima na kupewa kazi za sanaa zinazotaka giza na mwangwi. Sehemu ya juu ya mnara wa mitambo imekuwa hoteli ya kifahari yenye madirisha ya vioo yaliyotuna. Yanapendeza usiku, lakini hayana mzigo wa maana uliomo ndani ya vihenge.

Upande wa Mnara wa Saa kuna lango la Nelson Mandela, zinakoondokea boti za Kisiwa cha Robben, kulikokuwa na gereza; lango hilo lilifunguliwa 2001. Karibu nalo ni Jetty 1, gati dogo ambako wafungwa na ndugu zao waliokwenda kuwatembelea walipandia boti. Nenda kwanza pale, kabla ya kisiwa. Ukiwa kisiwani, waliokuwa wafungwa wenyewe ndio wanaowatembeza wageni gerezani, na hakuna kibao kinachoweza kushika nafasi yao. Kata tiketi mapema na uache siku ya ziada, maana upepo ukichafuka boti haziondoki.

Sitamaliza bila kusema nani hafiki. Tangu 2011 eneo hili ni mali ya kampuni ya Growthpoint na mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali, waliolinunua kwa randi bilioni 9.7. Nusu ya faida kwenda kwenye pensheni ni jambo jema. Lakini bei za vyakula na vitu ni za watalii, na wengi wanaofanya usafi na kuhudumu mezani wanarudi jioni Cape Flats, kule serikali ya ubaguzi ilikowatupa wazazi wao. Ukarabati wa bandari haukuipunguza safari hiyo hata kilomita moja. Ndiyo maana nilifurahi makumbusho ilipofunguliwa ikiwa na saa za Jumatano asubuhi ambazo raia wa nchi yoyote ya Afrika huingia bure kwa kuonyesha kitambulisho. Msomaji, ulizia utaratibu huo ukifika, na pasipoti yako iwe mfukoni.

Nayaandika haya nikiifikiria Unguja. Bustani ya Forodhani ilikarabatiwa chini ya Aga Khan Trust for Culture na kufunguliwa upya 2009, wachoma mishikaki wakarudi mahali pao, na vijana wanaendelea kujirusha baharini kutoka ukutani. Hilo tuliliweza. Sasa upo mpango wa kuhamishia mizigo Mangapwani, na bandari ya Malindi, iliyo jirani kabisa na Mji Mkongwe, itabaki na abiria na wageni. Wanaoshika kalamu ya mpango huo nawaomba waanze kwa kuyapima maghala yaliyopo, kila moja, kabla ya kuchora hoteli yoyote. Na wayaachie majahazi na wavuvi nafasi ya kutia nanga, kupakua na kukarabati vyombo vyao pale pale, mbele ya macho ya wageni.