Pikapu ya Miraa na Hesabu ya Dakika

Miraa ikishakatwa shambani Igembe, muda wake umeanza kuyoyoma. Kathinoni, kemikali inayoipa nguvu yake, ambayo wanasayansi waliitenga kutoka kwenye majani mabichi mwaka 1975, huvunjika kadiri jani linavyonyauka. Zikipita saa 48 hivi, nguvu imepungua na bei imeanguka. Ndani ya muda huo lazima miraa ichumwe, ichambuliwe, ifungwe kwa majani ya mgomba, iteremke kutoka vilima vya Nyambene hadi Nairobi, ipande ndege na ifike Mogadishu ingali mbichi. Safari ya barabara kutoka Maua hadi uwanja wa ndege wa Wilson ni takriban kilomita 280, na kwa miaka mingi imekuwa ya gari la aina moja: pikapu ya tani moja, mara nyingi Toyota Hilux.

Wengi hudhani Hilux ilipendwa kwa sababu ya mbio zake. Nionavyo mimi, kilichoipa kazi hii ni uzito wake.

Mtazame mshindani wake, lori dogo la Kanta. Hubeba mara tatu ya mzigo wa pikapu kwa dereva mmoja, na ukigawa gharama ya dizeli kwa kilo, Kanta inashinda bila ubishi. Lakini kanuni za trafiki za mwaka 2003, zile ambazo Wakenya huziita sheria za Michuki, zinataka kila gari la biashara linalozidi kilo 3,048 likiwa tupu lifungwe kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kanta ikishapigwa bodi huwa karibu na mpaka huo au imeuvuka. Hilux ya milango miwili iko chini kabisa. Mizani nayo ina mpaka wake: sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaanzia kilo 3,500, gari na mzigo wake pamoja, kwa hiyo pikapu isiyozidisha mzigo haina haja ya kupanga foleni mizanini.

Hata hivyo, sababu ninayoipa uzito zaidi ni ya tatu, nayo haisemwi sana. Gari kubwa huchelewa kujaa. Kama wachuuzi wanakusanya vibunda kwa kasi ileile, gari la tani tatu linahitaji mara tatu ya muda kujaa, na kibunda cha kwanza kupakiwa kinakaa humo kikisubiri cha mwisho. Pikapu hujaa upesi ikaondoka, na inayofuata ikaingia mahali pake. Kwa mzigo wa haraka, gari zuri ni lile linalopunguza kusubiri, hata kama kila kilo inagharimu zaidi kuisafirisha.

Sasa tupige hesabu ya mbio zenyewe. Kilomita 280 kwa wastani wa kilomita 70 kwa saa ni saa nne kamili. Kwa wastani wa 90 ni saa tatu na dakika saba hivi. Faida ni dakika 53. Katika saa 48 za uhai wa miraa, hiyo haifiki asilimia mbili. Na barabara ya kutoka Meru kupitia Nkubu, Chuka na Embu hadi Makutano hukata mabonde ya mito inayotoka Mlima Kenya, bonde moja baada ya jingine, huku kila mji ukiwa na matuta yake. Kupata wastani wa 90 hapo, dereva hulazimika kupita 130 kila anapoona barabara imenyooka. Daraja la Nithi liko njia hiyohiyo. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafa.

Dereva ana hoja, na si haki kuipuuza: ndege haisubiri. Dakika 53 ndizo tofauti kati ya mzigo uliopanda na mzigo uliobaki. Tangu Uholanzi ilipopiga marufuku miraa mwaka 2013 na Uingereza ikafuata Juni 2014, mlango mkuu wa nje umekuwa Somalia, nao ulifungwa kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Mzigo ukiikosa ndege, kilichobaki ni Eastleigh na vibanda vya mjini, kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana simu zinampigia dereva njia nzima.

Lakini simu hizo zinampigia mtu asiyesababisha uchelewesho. Muda hupotea kabla gari halijawashwa. Hupotea katika kuchambua, katika kubishania bei, katika kumngojea mchuuzi mmoja aliye na vibunda vichache vya mwisho. Hapo saa nzima huisha bila mtu kuishtukia, kisha mguu wa dereva unatakiwa uilipe.

Na jani lenyewe linaweza kununuliwa muda kwa njia nyingine. Mboga na majani mabichi huendelea kupumua baada ya kuvunwa, na kwa mazao mengi joto likipanda nyuzi 10, kasi hiyo huongezeka mara mbili hadi tatu. Tuseme magunia yamekaa kwenye bati la pikapu juani kwa saa mbili, yakiwa na joto la nyuzi 15 zaidi ya yale yanayosafiri katika ubaridi wa jioni. Kwa kanuni hiyo, saa mbili hizo zimelizeesha jani kuliko saa zote nne za barabarani. Kupakia kivulini, kutandika fito za mbao ili gunia lisiguse bati lililopata moto kwa jua na ekzosi, kuacha nafasi ya hewa kati ya magunia, na kufunika kwa turubai la rangi isiyovuta joto: hatua hizi ni za bei nafuu, na zinalinda ubichi kuliko wastani wa 90.

Jambo la kiufundi linalonisumbua zaidi ni springi. Pikapu mpya kiwanda kimeipimia takriban tani moja. Ikinunuliwa kwa kazi ya haraka, mara nyingi hupelekwa kwa fundi aongeze vyuma viwili vitatu kila upande ili nyuma isilale. Kuanzia hapo mwenye gari huliona kana kwamba limekuwa la tani moja na nusu. Ekseli, beringi, tairi na breki ni zilezile.

Kuna kifaa ambacho wamiliki wengi hawajawahi kukiona. Hilux nyingi zina vali ndogo chini ya chesisi, imeunganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma, na kazi yake ni kusoma jinsi gari lilivyolala. Gari likilala sana, vali huruhusu breki za nyuma zipate nguvu nyingi, kwa kuwa mzigo upo. Likisimama juu, hupunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasifunge gari likateleza. Springi zikishaongezwa, gari lililojaa pomoni husimama juu kama tupu, na vali inadanganyika. Breki za nyuma zinapewa nguvu ya gari tupu, kazi inaangukia diski za mbele, na kwenye mteremko mrefu diski hizo zinapata moto hadi pedali inazama. Ongeza kwamba kasi ikitoka 80 hadi 120, nishati ambayo breki inapaswa kuimeza hufika mara mbili na robo. Fundi mzuri akiongeza springi hurekebisha na fimbo ya vali. Mwenye gari na amuulize swali hilo kabla ya kulipa. Fundi asipoielewa vali, asiiguse springi.

Tairi nazo zisichaguliwe kwa umbo tu. Kila tairi ina namba ya uzito inaoweza kubeba, imeandikwa ubavuni, na mzigo mkubwa, upepo mdogo na mwendo mkali vikikutana, mpira hupata joto na kupasuka. Upepo upimwe tairi zikiwa baridi, kabla ya kupakia. Mzigo uliopandishwa juu ya paa la kabini nao huinua kitovu cha uzito, na kona ambayo gari tupu huikata bila shida inaweza kuliangusha.

Gharama nyingine ni nyepesi kuhesabu. Kwenda na kurudi ni kilomita 560, na ukikadiria kilomita 10 kwa lita ni lita 56 za dizeli. Wengi huhesabu nusu yake, kana kwamba gari hurudi Maua lenyewe. Nairobi nayo ina hesabu yake: pikapu inayoingia Thika Road wakati watu wanakwenda kazini, kisha ivuke mji hadi Lang'ata Road, inaweza kupoteza kwenye foleni faida yote iliyotafutwa kwa hatari tangu Meru. Saa ya kuondoka Maua ipangwe kwa kurudi nyuma, kuanzia saa ya kufungwa mzigo Wilson.

Pale ambapo dereva hulipwa kwa safari na kukatwa akichelewa, mbio zimeshaandikwa kwenye malipo yake. Ningependa kuona daftari moja linalosafiri na mzigo: saa ya kuvunwa, saa ya kufunga gunia la mwisho, saa ya kutoka lango la Maua, saa ya kufika. Aliyechelewesha akatwe yeye. Kwa utaratibu huo, pikapu ikitoka saa moja baada ya muda, simu ya kwanza inapigwa Wilson kuulizia nafasi kwenye ndege inayofuata, na dereva anaambiwa aendeshe mwendo wake wa kila siku.