Nondo wa Stoo na Ushahidi wa Bawa

Nondo mdogo wa kijivu anayetua ukutani juu ya debe la unga huitwa nondo tu, na jina hilo moja hufunika spishi kadhaa ambazo hata mtaalamu wa wadudu hathubutu kuzitenganisha kwa macho matupu. Wanaotatiza zaidi ni Ephestia kuehniella, nondo wa unga wa ngano; Ephestia elutella, mharibifu wa kakao na tumbaku; na Cadra cautella, nondo wa maghala ya nchi za joto.

Kosa la kawaida ni kutegemea rangi. Rangi ya nondo imo katika magamba, yaani vibapa vidogo mithili ya vumbi vilivyopangwa bawani kama vigae vya paa, na nondo aliyekwisha kujigonga kwenye taa na dirisha huwa ameyapukutisha, akabaki bila alama. Bawa halikosi manufaa kabisa, kwani Plodia interpunctella ambaye hajachakaa hujulikana kwa sehemu ya nje ya bawa iliyo na rangi ya shaba na shina lililopauka, na Sitotroga cerealella, ambaye kiwavi wake huishi ndani ya punje ya mahindi, ana bawa la nyuma lililochongoka nchani kama kidole, umbo ambalo halipotei hata magamba yakiisha.

Mara nyingi kiwavi ni shahidi bora kuliko mama yake. Akitazamwa kwa lenzi, kiwavi wa Ephestia au wa Cadra huonekana ana kidoa cheusi kwenye shina la unywele wa mgongoni, ilhali wale wa Plodia na wa Corcyra cephalonica, nondo wa mchele, hawana vidoa vya namna hiyo. Hapo ndipo hukaguliwa matundu ya kupumulia yaliyo ubavuni, ambayo kwa Corcyra yana ukingo ulionenepa upande wa nyuma.

Wale watatu wa mwanzo bado hubaki wamefungamana, na kwao hakuna njia ya mkato. Fumbatio, yaani sehemu ya nyuma ya mwili, hukatwa na kupashwa moto katika myeyusho wa potasiamu haidroksaidi wa asilimia 10, ambao huyeyusha nyama na mafuta ukabakisha ganda gumu. Ganda hilo husuuzwa, magamba yakaondolewa kwa brashi laini, ndipo viungo vya uzazi vikatazamwa kwa hadubini. Kwa dume huangaliwa umbo la vishikio vinavyomkamata jike, na kwa jike huangaliwa vijino vilivyo ndani ya mfuko unaopokea mbegu.

Mtego wa gundi wenye harufu ya jike, ambao wengi huuamini, hauthibitishi jina la nondo. Kiambato kikuu cha harufu hiyo ni kimoja kwa Plodia, kuehniella, elutella na cautella, kwa hiyo madume wa spishi zote nne hunaswa kwenye kibao kimoja.